Shangazi wa Bustani: Kile kichaka cha vimanyoya

Jamani salamu. Kila winta ikianza kulegea huku Marekani na Kanada mnaniuliza kitu kilekile, mwaka huu nimeamua niyakusanye maswali ya kichaka kimoja niyajibu kwa mkupuo. Ni kile kichaka ambacho theluji bado iko chini, majani hakuna hata moja, halafu vijiti vitupu vinajaa vitu vya kijivu vyenye manyoya laini na kila anayepita lazima avishike. Majirani zenu wanakiita pussy willow, kwenye kibao cha kitaluni mtakuta pameandikwa Salix discolor, na ni jamii ya mwerebi, ile mierebi ya vijitoni mnayoisoma kwenye Biblia. Vile vya manyoya ndo maua yake, mi nitaviita vimanyoya tuelewane.

Shangazi shikamoo. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, alinikatia vijiti vitatu vya kichaka chake nikaviweka kwenye jagi la maji mezani. Vimanyoya vimeshapukutika ila chini kwenye maji naona mizizi myeupe imetoka! Navitupa au navipanda? Na huku theluji haijaisha. – Mgeni wa Baridi, Minneapolis

Marahaba mwanangu. Usitupe! Umepewa miche ya bure hiyo. Hiki kichaka hakihitaji dawa ya mizizi wala mbwembwe yoyote, kijiti unakichomeka ardhini kama unavyopanda muhogo, macho yaangalie juu, basi. Ila muhogo unavumilia ukame, huyu akikauka wiki mbili za mwanzo amekwenda.

Sasa vya kwako vimeotea kwenye maji, na mizizi ya maji ni laini mno, ukiishika vibaya inakatika yote, kwa hiyo usisubiri ijaze jagi. Ikifika sentimita mbili tatu tafuta ndoo yenye matundu chini au chungu kirefu, weka udongo uliochanganywa na mboji, toboa shimo kwanza kwa mti mwingine ndo uingize kijiti taratibu (usikisukume kwa nguvu, mizizi yote itabaki juu). Theluthi mbili za kijiti zizame, juu yabaki macho mawili matatu tu. Najua roho inauma kukizika kijiti chote hivo lakini ndo dawa, kikibaki kirefu juu kinapoteza maji kabla mizizi haijashika. Kiweke dirishani penye mwanga, mbali na hita. Huko Minnesota subiri mpaka mwezi wa tano ndo uanze kuvitoa, mchana nje usiku ndani kama wiki moja hivi, kisha unavipanda.

Wale ambao hamjapewa chenye mizizi: mwisho wa winta kabla majani hayajafunguka kata kijiti kilichoota mwaka jana, unene wa penseli, urefu sentimita 25 mpaka 30. Chini kata mshazari, juu kata bapa, maana baada ya nusu saa hutakumbuka kichwa ni kipi na miguu ni ipi. Udongo ukishayeyuka unachomeka palepale unapotaka kikae, hakuna haja ya chungu.

Na hapo unapotaka kikae ndo pa kufikiria. Kwenye yadi nyingi kuna ile sehemu ya bondeni ambayo maji ya theluji yanatuama, nyasi hazishiki, ulipanda waridi likaoza, basi hapo ndo kwake. Porini Minnesota hiyohiyo utakikuta kwenye mitaro ya barabarani na kandokando ya vinamasi. Kinataka jua, saa 6 kwa siku au zaidi, kivulini kitaota lakini vimanyoya vitakuwa vya kuhesabu. Na kiachie nafasi, kichaka kizima kinaweza kufika mita 2 mpaka 6 kwenda juu na upana karibu na huo.

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi, hivi vichaka vina dume na jike, kila mmoja na mti wake. Dume ndo lina vimanyoya vinene vya kijivu, baadaye vinatoa chavua ya njano. Jike vyake ni vyembamba, vinaelekea kijani, halafu ndo linalotoa ile pamba ya mbegu inayoruka ruka. Kijiti kinafuata mti kilikokatwa, kwa hiyo kama cha bibi yule kilikupendeza chako kitakuwa vilevile. Ila ukienda kununua kitaluni uliza waziwazi kama ni dume, na kama muuzaji anababaika basi subiri uende wakati kimechanua ujionee.

Shangazi, mke wangu amepanda hicho kichaka mwaka jana karibu na nyumba, kama mita 3 tu kutoka bomba la maji taka, na nyumba yetu ni ya zamani. Mwenzangu wa kazini kaniambia nitajuta. Ni kweli au maneno tu? – Baba Wawili, Columbus, Ohio

Ni kweli baba, hamisha. Mizizi ya mwerebi inafuata maji popote yalipo. Bomba zima la plastiki lisilovuja haliguswi, mizizi haina msumeno, lakini nyumba za zamani nyingi zina mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa vipande vipande na kwenye maungio ndo unyevu unatoka, mzizi unaingia humo mwembamba kama uzi ukifika ndani unanenepa unajaa bomba lote, siku moja choo kinarudisha. Mtu wa mabomba ukimwita hapo bei yake unaijua.

Weka umbali wa mita 10 angalau kutoka kwenye bomba, tangi la maji taka au msingi wa nyumba, 15 ni bora zaidi. Habari njema ni kwamba cha mwaka mmoja kinahamishika bila shida. Subiri kidondoshe majani yote, au springi mapema kabla hakijaamka, kikate kibaki chini ya goti, chimba kukizunguka upate bonge la udongo, hamishia kule mbali na umwagilie msimu mzima. Na mama watoto usimlaumu, kitaluni huwa wanasema tu kinaota haraka, habari ya mizizi hawaigusi.

Mi kichaka changu kina miaka minne sasa. Kila mwezi wa kumi nakipunguza vizuri na mkasi mkubwa pamoja na fensi yangu ya miti, kinakaa mviringo safi kabisa. Lakini vimanyoya sipati, mwaka huu vilikuwa kama sita hivi vyote vya chini ndani. Mbolea nimeweka mpaka nimechoka. Shida nini? – Mpenda Usafi, Rochester, New York

Shida ni mwezi wa kumi, mdogo wangu. Vimanyoya vya mwezi wa tatu havitengenezwi mwezi wa tatu. Vinatengenezwa kiangazi cha nyuma yake, kwenye matawi yaliyoota msimu huo, halafu vinalala winta nzima vikiwa vimejikunyata. Wewe kila Oktoba unapita na mkasi unakata ncha zote, yaani unavuna maua yako yakiwa bado tumboni unayaweka kwenye mfuko wa takataka. Hivyo sita vilivyobaki ni vile mkasi haukuvifikia.

Nenda ukaangalie tawi kwa karibu mwezi wa kwanza hivi, utaona macho ya aina mbili. Kuna madogo membamba yamelala bapa kwenye gome, hayo ni ya majani. Halafu kuna manene yaliyovimba, ya kahawia au mekundu ya kuiva, hayo ndo maua. Na kila jicho la mwerebi limefunikwa na ganda moja tu, kofia nzima isiyo na mshono, siyo magamba mengi yaliyopandana kama kwenye miti mingine. Joto likipanda kidogo kimanyoya kinavimba kinaisukuma ile kofia mpaka inachomoka, utazikuta zimedondoka chini kwenye theluji vikofia vitupu vya kahawia. Wanangu walikuwa wanaviokota wanavivalisha vidole. Ukishayajua yale macho manene hutakata tena Oktoba maishani mwako.

Wakati wa kukata ni mara tu vimanyoya vinapomalizika, mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano huko kwenu, kabla majani hayajawa makubwa. Njia ziko mbili. Ya upole, kila mwaka unatafuta matawi mazee kuliko yote, yale manene yenye gome la kijivu lililopasuka, unayatoa mpaka chini kabisa yatimie theluthi moja ya matawi yote, mengine unayaacha, miaka mitatu ikipita kichaka chote ni kipya. Ya ukali, unakata kichaka kizima kibaki na urefu wa sentimita 15 mpaka 30 kila baada ya miaka miwili mitatu. Watu wanaogopa hii ya pili wanaona kama mauaji lakini mwerebi haujali, mwaka huohuo utarudisha fimbo ndefu zilizonyooka kupita kichwa chako, na fimbo hizo ndo zinazobeba vimanyoya vikubwa. Mi binafsi napenda hii ya pili, maana ukikibembeleza kinakuwa mti mrefu wenye miguu mitupu na maua yote huko juu ambako hufiki hata na ngazi.

Na ile mviringo ya fensi isahau, hiki siyo kichaka cha kunyolewa. Mbolea nayo acha, inakupa majani tu na majani laini yanaita vidukari. Mboji kidogo na matandazo miguuni inatosha.

Kwetu parokiani kuna Wapolandi wengi, Jumapili ya Matawi walikuja na hivyo vimanyoya badala ya makuti, nikapewa kimoja. Kwanza nilishangaa. Pili nataka kujua nakitunzaje kisiharibike, na mwaka kesho nataka vya kwangu viwe tayari siku hiyo. – Mwanakwaya, Chicago

Usishangae dada, Poland mwezi wa tatu mnazi utautoa wapi? Wanachukua kile cha kwanza kuamka baada ya winta, na ndo hiki, wao wanakiita bazie. Ikishabarikiwa wanaipeleka nyumbani wanaichomeka nyuma ya picha takatifu inakaa mwaka mzima. Warusi nao Jumapili yao ya Matawi wanashika mwerebi. Na ukienda Buffalo, jimbo la New York, Jumatatu ya Pasaka kuna sherehe kubwa ya Wapolandi inaitwa Dyngus Day, watu wanamwagiana maji na kuchapana chapana na hivi vijiti, ni utani lakini ukienda vaa nguo usiyoionea huruma. Kuna pia desturi yao ya zamani ya kumeza kimanyoya kilichobarikiwa ili koo lisiugue mwaka mzima, hiyo we sikiliza tu ukiambiwa, usijaribu, manyoya yale yanakwama.

Kutunza ni rahisi kupita kiasi. USIWEKE MAJI. Wengi wanakosea hapo. Ukiweka maji kijiti kinaendelea na maisha, kimanyoya kinapasuka, kinatoa chavua ya njano inachafua kitambaa cha meza, kinadondoka, halafu kijiti kinaota mizizi kama yule wa Minneapolis hapo juu. Weka kwenye chombo kikavu, mbali na jua kali, vitakauka vikiwa vimeshika hivohivo na vitakaa miaka. Cha msingi vikatwe vikiwa vya kijivu vyote, kabla hujaona njano hata kidogo.

Mwaka kesho sasa. Pasaka inahama hama, kwa hiyo hesabu wiki tatu kurudi nyuma kutoka Jumapili ya Matawi. Kama siku hiyo vijiti vyako bado vimefunga, kata vile vyenye macho manene, vilaze usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu, kesho yake visimamishe kwenye ndoo ya maji mahali penye ubaridi ubaridi na mwanga, gereji yenye dirisha inafaa sana. Sebuleni kwenye hita vitakimbia sana, vitapasuka kabla ya wakati. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Vikishakuwa vya kijivu vitoe majini.

Ila nakuomba kitu, usikate vyote. Wakati kichaka hiki kinachanua hapo nje hakuna ua lingine la maana, na malkia wa nyuki bambi (wale nyuki wanene wenye manyoya) ndo wanatoka usingizini na njaa ya miezi, chakula chao cha kwanza ni chavua na asali ya humu. Acha angalau nusu ya kichaka. Simama karibu siku yenye jua mwezi wa nne utasikia mvumo wake.

Nina balkoni tu. Nimenunua kile kidogo kinachoinama matawi mpaka chini, kiko kwenye chungu. Kimeanza kutoa matawi yaliyonyooka katikati ya shina. Niyaache? – Wa Ghorofa ya Tatu, Leeds, Uingereza

Yang'oe leo. Hicho ni mwerebi mwingine, Salix caprea, aina inayoitwa Kilmarnock, na kimeunganishwa, yaani juu ni mti unaoinama na chini ni shina la mwerebi mwingine. Matawi yanayotoka chini ya pale kilipounganishwa ni ya yule wa chini, ukiyalea yatakunywa maji yote na wa juu atakufa taratibu. Yavute kwa mkono yakiwa machanga, ukiyakata kwa mkasi yanarudi. Kiangazi mwagilia kila siku, chungu kikubwa, na matawi ya juu yapunguze maua yakiisha. Usijisumbue kuotesha vijiti vyake, hii caprea ndo mwerebi mbishi, vijiti vyake mara nyingi vinagoma.

Kuna viwavi weusi wa kutisha wamejaa tawi moja wamelila lote. Na winta iliyopita kuna kitu kilitafuna magome chini. Nipulize dawa gani? – Mama wa Mboga, Toronto

Kabla ya dawa waangalie vizuri mama. Kama ni weusi wenye miiba na mstari wa madoa mekundu mgongoni, wamekaa kundi moja, waache kabisa, hao wanageuka kipepeo mkubwa wa kahawia iliyoiva mwenye ukingo wa njano hafifu kwenye mbawa, na ni miongoni mwa vipepeo wa mwanzo kabisa kuonekana springi huko. Tawi moja kichaka hakijali, kitaota majani mengine. Kama wamekuudhi sana kata hilo tawi uliweke mbali kwenye mwerebi mwingine. Anayeharibu zaidi ni yule mende mdogo wa bluu anayeng'aa, anakwangua jani anabakiza mishipa, ila hata yeye mtikise tu asubuhi aangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ukiona poda ya rangi ya chungwa nyuma ya majani hiyo ni kutu, okota majani yote yaliyodondoka, usiyaweke kwenye mboji.

Aliyetafuna magome ni sungura, hata sina haja ya kuuliza. Zungushia wavu wa kuku usimame juu kuliko theluji inavyofika kwenu, wengi wanaweka mfupi halafu theluji inajaa sungura anasimama juu yake anafika bila jasho. Kama gome limeliwa kuzunguka shina lote, kata chini ya alipotafuna, kitachipua.

Shangazi mimi niko Limuru, huku baridi tunaijua. Nimeona intaneti wanauza mbegu za hicho kichaka, pakiti moja mbegu hamsini. Niagize? – Mkulima wa Simu

Usiagize. Mbegu za mwerebi zinaishi siku chache, sana sana wiki kadhaa, baada ya hapo ni pamba tu. Pakiti iliyokaa stoo halafu ikasafiri mpaka Kenya haina kitu hai ndani, na hata ingekuwa nayo hujui utaota dume au jike.

Ukisema uletewe vijiti, mmea wowote kuingia nchini unahitaji kibali cha KEPHIS (shirika la serikali ya Kenya la afya ya mimea) na cheti cha afya ya mimea cha kule unakotoka, usimpe mtu abebe kwenye sanduku. Na hata vikifika salama baridi ya Limuru ya mwezi wa saba inatusumbua sisi wenye makoti tu, kichaka hiki kinataka winta ya kweli, miezi ya ubaridi mkali kilale kabisa majani yote yakiwa chini, ndo kiamke na vimanyoya. Huko kwenu kitabaki kinasinzia sinzia mwaka mzima, majani kidogo huku na huku, maua hamna.

Kama unachotaka ni mwerebi wa kushika ukingo wa mto usimomonyoke, uko wa kwetu, Salix mucronata, unaota kwenye kingo za mito mingi Afrika Mashariki. Vimanyoya vya kuweka mezani hauna ila nao unaota kwa kijiti vilevile, kata mwanzo wa mvua ndefu uchomeke kwenye tope. Hela ya ile pakiti nunua miche ya plamu, hiyo Limuru inakubali.